Naomba ushauri: nyuki dume anawafukuza wenzake kwenye maua

Wakuu, naombeni msaada. Bustanini kwangu kuna nyuki dume wa aina ya Anthidium manicatum, mweusi mwenye mabaka ya njano. Ameshika kichaka kimoja cha maua na hataki mwingine asogee. Anaelea hewani kama amening'inizwa kwa uzi, ghafla anamrukia nyuki wa asali na kumbana kwa vijimiba vya mwishoni mwa tumbo. Jana nimemwokota mmoja chini, bawa limechanika. Roho iliniuma sana.

Kumuua sitaki kabisa. Dume huyu hadungi watu, na majike wake wanakwangua manyoya ya majani kutandika viota. Nikipanda maua hayohayo sehemu mbili tatu zilizoachana, wengine watapata nafasi? Aliyewahi kujaribu aniambie.