TMS ya sonona: kwa nini kipimo kianzie kwenye dole gumba?

Pwani85
Wakuu, nasoma itifaki ya SAINT, aina ya TMS (kuchochea ubongo kwa mapigo ya sumaku kutoka koili inayowekwa kichwani), ile iliyotengenezwa na timu ya Nolan Williams pale Stanford kwa ajili ya sonona sugu. Nguvu ya sumaku inapimwa kwa dole gumba. Sonona na dole gumba wapi na wapi? Halafu mbona tiba ya wiki sita wameibana siku tano?

Koili_Nane
Mkuu, dole gumba linajibu papo hapo. Eneo la sonona halikuonyeshi kitu. Ukipiga pigo moja juu ya gamba la ubongo linaloendesha mkono, msuli wa shina la dole gumba unaruka. Nguvu ndogo kabisa inayourusha mara 5 kati ya mapigo 10 ndiyo kizingiti cha mgonjwa huyo. Itifaki ya Hezi 10 (mapigo 10 kwa sekunde) iliyoruhusiwa Marekani 2008 hutumia asilimia 120 ya hapo. SAINT ni 90, ikirekebishwa kwa kina cha gamba.

Wengi wanaharibu hapa: mkono umekaza. Msuli uliokaza huruka kwa nguvu ndogo, unaandika kizingiti cha uongo, na mgonjwa anakula dozi hafifu mpaka mwisho. Mkono ulale pajani, umelegea. Tena, akikesha au akiacha ghafla diazepamu (dawa ya kutuliza) kizingiti hushuka; usipopima upya unakaribisha degedege.

Mzani
Siku tano: kila saa kipindi kimoja cha mapigo 1,800, dakika 10 hivi, mara 10 kwa siku. Jumla 90,000. Nafasi katikati ni ya makusudi, kwani sinapsi (maungio ya seli za neva) zikichochewa mfululizo haziongezi kitu. Zinahitaji karibu saa nzima kuwa tayari tena. Kibali cha Marekani kilitoka 2022, ila jaribio lenyewe lilikuwa la watu 29 tu.

Pwani85
Asanteni. Na pasipo MRI, koili naiweka wapi?

Koili_Nane
Achana na kanuni ya sentimita 5 mbele ya eneo la dole gumba, kwa kichwa kikubwa unaangukia nyuma mno. Tumia F3, alama ya kushoto mbele ya kichwa kwenye ramani ya elektrodi za EEG: pima mzingo wa kichwa, sikio hadi sikio kupitia utosini, na shina la pua hadi kisogoni, kisha uingize kwenye kikokotoo cha Beam kinachokuonyesha F3 ilipo. MRI yenyewe inatafuta sehemu ambayo shughuli yake hupanda pale ya eneo la 25 (sehemu ya ndani ya ubongo inayohusiana na huzuni) inaposhuka, eneo lilelile daktari wa neva Helen Mayberg alilolilenga kwa elektrodi zilizopandikizwa kule Toronto (2005, wagonjwa 4 kati ya 6 walipata nafuu).

Na kagua koili kila dakika chache. Ikiinuka ukingo mmoja tu, mashine inaendelea kugonga kama kawaida huku ubongo ukipata kidogo.