Ng'ombe, uzee wa kanisa, safari za kazi na binti wa miaka 13: nipunguze wapi?

MamaKihamba

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Naandika kutoka Machame.

Kazi yangu ni kukagua hesabu za vyama vya ushirika. Kwa mwezi nakuwa safarini siku kumi hadi kumi na mbili: Babati, Katesh, Singida, mara nyingine Kondoa. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Tuna ng'ombe wawili wa maziwa wa kufungia ndani, migomba, kahawa kidogo, na eka moja na nusu ya mahindi kule tambarare. Wanaojua uchagani wataelewa: kihamba, shamba la kuzunguka nyumba, hakitoshelezi majani ya ng'ombe wawili. Yanatoka chini, kwa kichwa au kwa kukodi pikapu. Maji ya mfereji zamu yetu ni Alhamisi usiku, na ikikupita unangoja wiki nzima.

Nikiwepo, nakamua saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni. Nisipokuwepo anakamua binti yetu. Ana miaka 13.

Mwezi wa pili nilikuwa Katesh. Saa moja usiku akanipigia kuhusu ng'ombe wetu Zawadi: "Mama, Zawadi analia tangu nimerudi shule, na kuna ute unaning'inia mpaka magotini." Nikamwambia ampigie mhimilishaji, yule anayepandisha ng'ombe kwa mbegu bila dume. Hakupatikana usiku ule wala asubuhi. Alipofika kesho yake jioni akasema joto, yaani muda wa ng'ombe kutaka kupandwa, limeshapita. Hiyo ilikuwa mara ya tatu, na mara mbili za kwanza hakuna aliyeona kabisa. Siku 21 mara tatu ni miezi miwili ng'ombe anakula pumba na mashudu bila mimba, na maziwa yameshuka kutoka lita 11 hadi 6.

Lakini lililonitoa machozi ni jingine. Nilirudi Ijumaa saa nne usiku nikamkuta amelala kwenye kiti na mabuti yake ya bandani. Nilipomshika mkono ili nimpeleke kitandani, ulikuwa unanuka salve, ile ya kupaka chuchu za ng'ombe. Vidole vimepasuka, anapaka hiyo na hajamwambia mtu.

Ameanza mafundisho ya kipaimara, yako Jumamosi, na ameshakosa manne kwa sababu ya majani. Mwinjilisti aliniuliza mbele ya wenzangu. Mimi ni mzee wa kanisa, ndiye ninayepita nyumba za watu mtaani kuwahimiza walete watoto mafundisho.

Sasa usharika unataka niwe mhazini wa kamati ya ujenzi, kwa kuwa najua hesabu. Vikao ni kila Jumapili baada ya mnada wa sadaka kanisani. Mama mkwe anasema kazi ya Mungu haikataliwi. Yeye ana miaka 78 na bado anawakatia ng'ombe wetu magogo ya migomba akiwa ameinama vile.

Kazi siwezi kuacha, kijana wetu mkubwa yuko chuo. Bila ng'ombe hakuna samadi, na bila samadi migomba inakufa. Nipunguze wapi?

Mfugaji_Tukuyu

Pole sana dada. Nizungumzie banda tu, mengine wataongea wenye kuyajua.

Watakuja watu hapa wakwambie uuze mmoja. Usiharakishe. Ng'ombe wa ndani aliye peke yake ni mgumu kumjua yuko kwenye joto, kwa sababu dalili ya uhakika ni kupandwa na mwenzake akatulia. Kama wako kila mmoja na chumba chake, tengeneza kauwanja kadogo uwafungulie pamoja asubuhi na jioni. Mimi nilitumia miti ya mlingoti (mkaratusi) tu.

Bandika kalenda bandani. Ukishaona joto, hesabu siku. Kuanzia ya 18 hadi ya 24 mtu asimame pale alfajiri na kabla ya kulala, dakika ishirini, bila kufanya kazi nyingine yoyote. Akionekana asubuhi apandishwe jioni, akionekana jioni apandishwe asubuhi inayofuata. Uwe na namba za wahimilishaji wawili, na hela ya huduma ibaki nyumbani, isisubiri wewe utume kwa simu.

Mabua ya tambarare ukishavuna usiwaachie wenye mifugo ya kupita. Katakata, weka juu ya dari. Na Singida si ndiko kwenye mashudu ya alizeti? Uliza bei ukiwa huko.

MkeWaMwinjilisti

Mwenzangu, nimekaa upande wa pili wa hiyo meza huku Njombe kwa miaka mingi, kwa hiyo niamini. Wanaokuchagua hawajui ratiba yako. Wanakuona Jumapili umevaa vizuri, wanadhani wiki nzima uko hivyo.

Mhazini wa ujenzi hawezi kuwa mtu wa safari. Saruji inaletwa Jumanne, fundi anataka chake Ijumaa, wewe uko Kondoa. Atalipa mtu mwingine kwa mkono, risiti zitachelewa, na maneno yataanza. Nimeona mama mwaminifu kabisa akitoka kwenye kamati analia kwa jambo hilohilo.

Nenda kwa mchungaji kabla jina halijasomwa. Mpelekee siku zako za safari zimeandikwa kwenye karatasi. Mwambie: mhazini siwezi, ila nitakagua vitabu vya ujenzi mara mbili kwa mwaka. Hicho ndicho ulichopewa wewe, na kanisa linakihitaji.

Na mtoto aende kipaimara, dada. Majani yatafutiwe kibarua.

Kibosho_Zamani

Nilikuwa huyo mtoto. Ng'ombe niliwapenda, hata leo nawapenda. Kilichoniumiza ni kukamua peke yangu gizani, tochi nimeing'ata mdomoni, nikijua watu wengine ndani wamelala.

Naomba niulize bila kulaumu: baba yake saa kumi na moja alfajiri anakuwa wapi?

MamaKihamba

Nawashukuru wote. Nimekaa wiki mbili bila kujibu kwa sababu swali la Kibosho lilinigusa pabaya.

Nilimsomea mume wangu. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema hajawahi kufundishwa kukamua, kwao ilikuwa kazi ya mama na dada zake, na mimi sijawahi kumwomba. Ni kweli, sijawahi. Kesho yake aliamka. Binti ndiye aliyemfundisha: kitambaa cha maji ya moto kwanza, halafu unabana kutoka juu, huvuti. Zawadi alipiga ndoo teke siku mbili. Siku ya tatu walirudi na lita nne.

Mchungaji amepokea karatasi yangu, italetwa kwenye baraza la wazee. Mama mkwe hajafurahi, na sitaki kusema amefurahi. Kibarua wa majani tumempata, anakuja Jumatano na Jumamosi. Jumamosi iliyopita binti alikwenda mafundisho amevaa sketi yake ya bluu.

Juzi Zawadi alirudi kwenye joto, akapandishwa kwa wakati. Kesho naondoka kwenda Kondoa, safari hii ni ndefu kuliko kawaida, wiki mbili na nusu. Siku ya 18 inaangukia Alhamisi, usiku wa zamu ya mfereji, na mimi nitakuwa bado huko. Baba yake ameizungushia duara kwenye kalenda ya bandani, na amenunua tochi ya kuvaa kichwani.