Jino la akriliki kuchomoka kwenye bamba: kukwangua, kutoboa au kulowesha kwa monoma?

Fundi Maabara
Ndugu wanataaluma, ninarudishiwa meno ya bandia ambayo jino moja, mara nyingi la mbele, limechomoka likiwa zima na kuacha tundu laini linalong'aa. Jino ni la akriliki, na bamba, yaani sehemu inayokaa kwenye ufizi na kushika meno, ni la akriliki ya kupikwa. Kati ya kukwangua uso wa chini wa jino, kutoboa vishimo na kulowesha kwa monoma (kimiminika cha kutengenezea akriliki), ni ipi yenye faida ya kweli?

Mkongwe wa Flaski
Tundu hilo limekwisha kukujibu. Muungano ukiwa imara, jino huvunjika lenyewe na kuacha kipande kwenye bamba. Likitoka zima, akriliki hizo mbili hazikushikana. Chunguza kwanza nta iliyoshika meno kabla ya akriliki kuwekwa mahali pake. Utando mwembamba wa nta chini ya jino, au alginati (kimiminika cha kutenganisha akriliki na plasta ya ukungu) iliyopakwa hadi kwenye jino badala ya kuishia kwenye plasta, huizuia monoma isipenye. Mimi huosha kwa maji ya moto yenye sabuni, kisha husuuza kwa maji mengine masafi yanayochemka.

Mwalimu wa Prostodontia
Naafiki. Nta ikishaondoka, ningechagua monoma juu ya uso uliokwanguliwa kidogo. Methili methakrilati, yaani monoma yenyewe, huvimbisha plastiki ya jino, hivyo monoma iliyomo katika donge la akriliki ya bamba hupenya na kuganda humo, minyororo ya polima (molekuli ndefu za plastiki) ikifumana. Kupaka na kufuta papo hapo hakutoshi. Majaribio mengi hutumia sekunde 180. Msisitizo wangu ni neno "kidogo": meno yaliyoimarishwa yasilike upesi huwa na minyororo iliyofungamana sana, ila baadhi ya watengenezaji huiacha sehemu ya chini ikiwa na mifungamano michache ili ishike bamba, na ukikwangua mno unaiondoa sehemu hiyo hiyo unayoihitaji.

Daktari wa Pwani
Je, kiyeyushi cha dikloromethani? Nimeambiwa huvimbisha haraka zaidi.

Mwalimu wa Prostodontia
Ni kweli, daktari, lakini mvuke wake ni hatari kwa fundi, na Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mengi mwaka 2024. Sioni sababu ya kumweka fundi hatarini ilhali monoma ipo mezani, ingawa nayo yataka dirisha wazi na kukaa mbali na moto.

Mkongwe wa Flaski
Kuhusu vishimo, meno ya porselini hayana budi kuwa navyo, au pini, kwa kuwa hayaungani kikemia na akriliki. Kwa jino la akriliki la nyuma ni nyongeza nzuri. La mbele ni jembamba, ukilitoboa unalidhoofisha.

Fundi Maabara
Nashukuru sana, walimu wangu. Nimekagua sufuria yangu: flaski (makasha ya kupikia bamba) zote za siku nilizisuuza kwa maji yale yale, na juu yake nta inaelea.