Mjadala: Sebule ya jirani huwa kanisa lini mbele ya sheria?

Mleta mada, Nairobi

Jamani, naomba tulijadili hili bila kurushiana maneno. Chumba cha mama yangu kimepakana na ploti ya jirani. Miaka sita iliyopita jirani huyo alianza kukaribisha watu kumi hivi sebuleni kwake kila Jumatano kusoma Biblia. Tulifurahi, na mama mwenyewe alihudhuria mara mbili tatu. Baadaye likaja turubai uani, yakaja mabati, kisha spika mbili za kimo changu, zote zimeelekea dirisha letu. Ijumaa ya kesha, gitaa la besi likianza, glasi hugongana kabatini hadi saa kumi na moja alfajiri. Mama ana presha. Siku hizo humpeleka akalale kwa dada yangu.

Sasa niambieni, ni Jumatano ipi hasa nyumba ile iligeuka kanisa? Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka anayebadilisha matumizi ya ploti aombe kibali cha kaunti na kutangaza, ili majirani wapate nafasi ya kupinga. Nilipokwenda ofisi moja ya umma kuuliza, niliambiwa faili inasema ploti ile ni ya makazi. Kwenye karatasi kanisa halipo, basi hakuna wa kuwekewa masharti!

Kanuni za kelele za 2009 ndizo zilizonishangaza zaidi. Mahali pa ibada pamewekewa desibeli 40 mchana na 35 usiku, sawa kabisa na maeneo yanayotakiwa kuwa kimya. Watu wawili wakizungumza kawaida tu hupita 50. Naona aliyeziandika aliifikiria nyumba ya ibada kama mahali pa kukingwa na kelele za wengine. Kesha halikumjia akilini.

Msimamo wangu: tuache kubishana kama hili ni kanisa au si kanisa. Tuulize hukusanyika watu wangapi, saa ngapi, sauti inafika wapi, vyoo ni vingapi, na moto ukizuka watatokea mlango gani. Mwenye baa na mwenye ukumbi wa harusi waulizwe hayo hayo.

Mwanakwaya, Kayole

Pole kwa mama, ndugu yangu. Mimi ni wa upande wa pili wa ukuta kama huo. Tuko watu sabini, wengi wetu mama mboga na vibarua wa mjengo. Kuomba kubadilisha matumizi kunataka mtaalamu wa mipango, tangazo la gazeti, ada, na hati miliki. Mwenye ploti yetu ana cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, kama wengi huku Eastlands. Hata tukichanga pesa zote, tutaombea hati gani? Na hizo nyumba zimejengwa hadi ukingoni mwa barabara. Kiwanja cha ibada kingetoka wapi?

Mchangiaji, Kigali

Mnaotamani mkono mzito, tazameni kwetu. Mapema 2018 makanisa zaidi ya 700 yalifungwa Kigali kwa sababu ya majengo duni, usafi na kelele. Hayo ya majengo niliyaelewa. Lakini sheria ya mwaka huo ikaenda mbele, ikadai viongozi wa dini wawe na shahada ya masuala ya dini. Hapo mmetoka kwenye mipango miji. Choo na mlango wa dharura mkague. Shahada ya mhubiri inaizuia vipi spika?

Mchangiaji, Minnesota

Huku Marekani kuna sheria ya mwaka 2000 inayokataza mji kulibana kanisa au msikiti kuliko unavyobana klabu au ukumbi wa mikutano. Ilitungwa baada ya kesi ya Boerne, mji mdogo wa Texas uliokataa kanisa lipanuliwe. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani iliupa mji ushindi. Kwa hiyo wazo la mleta mada, kupima mkusanyiko badala ya jina, si geni. Ushirika wetu wa Wakenya na Wakongo unakodi jengo la Walutheri, Jumapili saa nane mchana. Mkataba umetaja hadi magari yaegeshwe wapi, na ngoma zinakoma saa kumi na mbili jioni. Tumezoea.

Mleta mada

Dada wa Kayole, cheti cha hisa sikukifikiria kabisa. Hapo narudi nyuma. Kaunti itoe kibali cha muda kwa jengo lenyewe, bila kudai hati, na ada iendane na idadi ya watu. Watu sabini wasilipe kama elfu saba. Lakini kwenye sauti sirudi nyuma, maana kuzima spika saa mbili usiku hakuhitaji cheti chochote. Nikuulize wewe unayeimba: kesha linaweza kufanyika bila spika?

Mwanakwaya, Kayole

Linaweza. Kabla hatujanunua mitambo, sauti zetu nane zilikijaza chumba kile, na mlango tulikuwa tunaufunga. Nitalipeleka kwenye kikao cha wazee Jumamosi. Mama alale kwake.