Mafua ya ndege yanamwingiaje binadamu? Wajuzi naomba darasa

MfugajiMbagala
Wakuu habari za jioni. Mi nafuga kuku wa kienyeji na machotara kidogo huku Mbagala, kila kideri kikipita mtaani kinaondoka na kuku wengi, nawashika kwa mikono, walioanza kuzubaa nawawahi na kisu, nawanyonyoa mwenyewe na sijawahi kuumwa hata kichwa. Sasa nasikia Marekani mafua ya ndege yameingia mpaka kwa ng'ombe wa maziwa na wakamuaji wanaumwa, na huko Kambodia watoto wamekufa. Swali langu, hivi kirusi cha ndege kinaingiaje kwa mtu? Na kama kinaingia mbona sisi tunaolala na kuku chumba kimoja hatujaisha? Wengine kijiweni wanasema ni uzushi tu wa kutaka kuuza chanjo. Naomba anayejua aeleze taratibu, matusi tuyaache.

DktMifugo_Moro
Mkuu tuanze na hilo la kideri kwanza. Kideri ni kirusi kingine kabisa, hakina undugu wa karibu na mafua haya, kwa mtu kikizidi sana ni macho mekundu siku chache yanaisha. Kwa hiyo wewe kunyonyoa kuku wa kideri ukabaki mzima haikuambii chochote kuhusu H5N1, yaani hiki kirusi cha mafua ya ndege unachokisikia. Na kinachonitisha kwenye maelezo yako ni hapo pa kumuwahi kuku anayezubaa na kisu, maana kwa macho hata mimi siwezi kuyatofautisha haya magonjwa mawili, kuku anavimba kichwa, anaharisha, banda linaisha kwa siku chache, mpaka sampuli ifike maabara ndio utajua.

Uzushi sio. Hong Kong 1997 mwezi wa tano alikufa mtoto wa miaka 3, wakakuta kirusi cha H5N1 ambacho mpaka siku hiyo kilijulikana ni cha ndege tu. Kikanyamaza miezi kadhaa, kuelekea mwisho wa mwaka wakaanza kuumwa wengine, jumla 18, wakafa 6. Serikali ikachinja kuku wote wa Hong Kong, zaidi ya milioni moja, mwisho wa Desemba, na wagonjwa wapya wakakoma. Yaani ukiondoa kuku ugonjwa unaisha, hapo ndipo ilipojulikana kwamba watu walikuwa wanautoa sokoni kwa kuku hai, sio kuambukizana wao kwa wao.

Ngosha_Mwz
Dokta sawa ila hujamjibu swali lake la pili. Mbona wanaoshika kuku ni mamilioni na wanaoumwa ni wachache?

BintiMaabara
Naomba nichukue hilo kaka Ngosha, ndio kazi yangu.

Kirusi cha mafua hakiingii kwenye seli mpaka kijishike kwanza kwenye sukari fulani iliyo juu ya seli, inaitwa asidi ya sialiki. Ndege na sisi wote tunayo, tofauti ni jinsi ilivyounganishwa. Virusi vya ndege vinapenda muungano ambao kwa bata umejaa tumboni, ndio maana bata anavitoa kwa kinyesi na anaendelea kuogelea bwawani kama hana kitu. Kwa mtu, puani na kooni umejaa ule muungano mwingine, kwa hiyo kirusi cha kuku ukikivuta kidogo tu kinakosa pa kushika, unakimeza au unakipenga kinatoka. Lakini muungano wa ndege tunao pia, uko ndani kabisa ya mapafu na uko kwenye macho. Hapo ndio msiba wote ulipo!! Mtu akivuta vumbi jingi la banda au mvuke wa kunyonyolea kuku, kirusi kikafika chini kabisa, anapata nimonia mbaya sana, na wakati huo huo hawaambukizi wenzake kirahisi kwa sababu kirusi kiko mbali na pua na koo, hakitoki vizuri kwa chafya. Tangu 2003 wamethibitishwa kuwa na H5N1 zaidi ya watu 900 duniani na karibu nusu wamekufa, ingawa wengi waliohesabiwa ni wale waliofika hospitali wakiwa taabani, walioumwa kidogo wakabaki nyumbani hawamo.

Macho sasa. Uholanzi 2003 walipata H7N7, aina nyingine ya mafua ya ndege, kwenye mashamba ya kuku, watu 89 walithibitishwa na wengi wao ilikuwa macho mekundu tu, lakini daktari mmoja wa mifugo alikufa kwa nimonia. Na mkamuaji wa ng'ombe wa Texas, Marekani, aliyepata H5N1 mwaka 2024, dalili yake ilikuwa macho.

Ila kushika sukari ni hatua ya kwanza tu jamani, watu wengi wanaishia hapo. Kikishaingia ndani lazima kijinakili, na mashine yake ya kujinakili imezoea seli za ndege, inategemea protini ya mwenyeji inayoitwa ANP32A ambayo ya kuku ni ndefu kuliko yetu, hili liligundulika London mwaka 2016. Tena mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi, pua ya mtu ni kama 33, kwa hiyo kinafanya kazi kwa kusuasua. Lakini kuna badiliko moja dogo kwenye jeni ya PB2, inayotengeneza sehemu mojawapo ya hiyo mashine, nafasi ya 627, likitokea tu mashine inakubali seli za mamalia, na kirusi cha yule mtu wa Texas kilikuwa nalo. Badiliko moja! Mi nikisoma taarifa za mgonjwa mpya kitu cha kwanza kutafuta ni hiyo 627.

Ngosha_Mwz
Duh. Na ng'ombe wanaingiaje hapo, na mbona siku zote tunasikia nguruwe?

BintiMaabara
Nguruwe njia yake ya hewa inapokea mafua ya ndege na ya watu. Jeni za kirusi ziko vipande 8, sasa virusi viwili vikikutana kwenye seli moja vipande vinachanganywa kama karata, kinatoka kirusi kipya chenye sura ya ndege na uzoefu wa binadamu. Magonjwa ya dunia ya 1957 na 1968 yalitokana na mchanganyiko wa hivyo wa mafua ya ndege na ya watu. Ng'ombe hatukumtegemea kabisa, Machi 2024 ndio iligundulika anaumwa H5N1, na baadaye ikaonekana kiwele chake kina miungano yote miwili ya sukari. Kirusi kinajaa kwenye maziwa, yanakuwa mazito ya njano, mashine ya kukamulia inakihamisha kutoka kiwele hiki kwenda kingine na mkamuaji yanamrukia usoni.

Omugurusi_Bkb
Na huku Ziwa Victoria mafua ya ndege yalishafika. Januari 2017 Uganda karibu na Entebbe ndege wa porini walikufa wengi, kuku wa Masaka nao, ilikuwa H5N8, aina nyingine ya mafua ya ndege. Hakuna mtu aliyeumwa ila ndege hawana pasipoti za kuja upande wetu.

MfugajiMbagala
Dada Maabara ubarikiwe, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Sasa supu na mayai je, niache kula?

DktMifugo_Moro
Kula mkuu, nyuzi 70 kirusi kinakufa, nyama isiwe na damu mfupani na kiini cha yai kigande, maziwa chemsha. Hatari iko kabla ya sufuria, pale unapochinja, unapomtumbukiza kwenye maji ya moto, watoto wamechuchumaa pembeni wanaokota manyoya, na wewe unajifuta jasho usoni kwa mkono huo huo. Kwa kideri chanja, ile ya matone ya jicho ni bei ndogo, ukishachanja halafu banda bado linaisha ghafla ujue huenda hiki ni kitu kingine. Hao usichinje, usiuze kwa mama ntilie, usiwatupie paka wala mbwa, paka wa yale mashamba ya ng'ombe ya Texas walikufa. Ziba pua na mdomo, vaa glavu, mpigie afisa mifugo wa kata aje achukue sampuli, halafu ndio uzike shimo refu. Na ukiona macho mekundu au homa ndani ya siku 10 hivi nenda hospitali na useme mapema kwamba ulishika kuku waliokufa, maana dawa ya virusi vya mafua, oseltamiviri, inasaidia zaidi ikianza siku mbili za mwanzo na daktari asipoambiwa habari za kuku atakupima malaria.