Mzee wangu alipigana Kagera, sasa hasikii: serikali inachangia mashine za kusikia kwa wastaafu?

Bi Mkubwa Makole

Wana jukwaa, hamjambo. Kama kuna aliyenizidi umri, shikamoo yake, ingawa nadhani humu mimi ndiye bibi yenu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Makole hapa Dodoma. Mume wangu ni askari mstaafu wa JWTZ. Alikuwa upande wa mizinga, akavuka na wenzake hadi Uganda mwaka 1979. Alirudi na mikono na miguu yake, tukamshukuru Mungu tukaona yameisha. Miaka michache baadaye akaanza kulalamikia mluzi ndani ya sikio la kulia, na enzi zile ukisema unasikia mluzi unaambiwa unywe maji ukalale. Leo hii taarifa ya habari ya saa mbili usiku jirani hana haja ya kuwasha redio yake. Simu hapokei. Kanisani anaitikia "Amina" kwa sauti wakati katibu anasoma matangazo ya ujenzi. Wajukuu wanacheka, mimi naona aibu kidogo na huruma nyingi, maana ameanza kuacha vikao vya ukoo. Anasema haoni sababu ya kwenda kukaa pale kama kisiki.

Tumempeleka hospitali moja, wakampima, wakasema ni masikio yote mawili, dawa hakuna, upasuaji hakuna, avae shimesikio, yaani mashine ya kusikia. Bei: milioni moja na laki tatu, sikio moja. Pensheni zetu mbili tukiziunganisha, tukatoa umeme, maji, dawa zake za presha na ada ya mjukuu tunayemlea, inabaki hela ya mboga. Nikauliza kuhusu bima. Binti wa dirishani akasema inalipa. Akaja mwenzake akasema hailipi, labda miwani. Wote wawili walikuwa na uhakika kabisa.

Nauliza: je, kuna mpango wowote wa serikali wa kuchangia hivi vifaa kwa wastaafu, au kwa waliopigana? Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunawakumbuka. Mzinga wa kumbukumbu ukilia, huo anausikia vizuri tu.

La pili: kuna vijana wanatembeza vidude vya elfu sitini pale soko la Majengo. Vinafaa?

Wenye hamu ya kutukana wanasiasa wakafungue uzi wao.

Sikio la Kufa

Shikamoo mwalimu. Mpango wa namna hiyo sahau. Kuna zile asilimia kumi za mapato ya halmashauri ambazo mbili ni za watu wenye ulemavu, lakini ule ni mkopo wa biashara. Mzee aende kukopa afuge kuku, kuku wakitaga anunue sikio? Uzeni kiwanja, mnunue, yaishe.

Odio_Dom

Shikamoo mwalimu. Kazi yangu ni kupima masikio, nipo hapahapa mjini. Kiwanja msiuze kwanza.

Kuhusu bima. Mtumishi aliyekuwa anakatwa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, akistaafu anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kukatwa tena, kwa hiyo kumwona daktari wa masikio na kupimwa msitoe hela mfukoni. Kwa kifaa chenyewe, jibu la dirishani msilichukue kama jibu. Mwambieni daktari aandike kwamba mgonjwa anahitaji vifaa viwili na aambatishe odiogramu, yaani ile chati ya kipimo. Pelekeni maombi ofisi ya bima ya mkoa, mdai majibu ya maandishi. Hata wakikataa, barua ya kukataliwa ina kazi: ndiyo mtakayokwenda nayo kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mtu akifika pale mikono mitupu anaambiwa "wewe si una kadi?"

Msamaha wa wazee upo kwenye Sera ya Afya ya 2007: wenye miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure. Lakini bure hiyo inaishia pale stoo inapoishia. Dawa ya presha utaikuta. Mashine ya kusikia nadra sana.

Kwa kuwa mzee ni wa jeshi, achukue vyeti vyake vya utumishi aanzie upande wa tiba jeshini. Hospitali ya jeshi ya Lugalo, Dar es Salaam, ni mbali, najua, lakini jalada lake la jeshi ndilo litakaloonyesha alikuwa mizinga, na hilo daktari wa kawaida hawezi kuliandika kwa kubahatisha.

Sasa sikio lenyewe. Mtu aliyekaa na mizinga, chati yake naijua kabla sijampima: sauti nzito anazipata, ikifika sauti nyembamba, hezi elfu tatu mpaka elfu sita, inaporomoka. Huko ndiko zinakokaa s, f, t, sh. Ndiyo maana anakusikia unaongea ila hajui umesema nini; ukimwambia "fika" anaweza kusikia "pika". Kumpigia kelele hakusaidii. Kaa mbele yake, taratibu, aone mdomo, na redio izimwe. Vidude vya Majengo vinakuza kila kitu kwa pamoja, sauti yako, bodaboda na sufuria inayoanguka, bila kujali wapi anasikia na wapi hasikii. Kwa sikio lililokwishaumizwa na mshindo, mimi simpi mzee wangu.

Mwalimu, usimwache ajione wa ajabu. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa usikivu unaowasumbua kweli. Tofauti ni nani anasaidiwa.

Mgogo Ughaibuni

Mbukwenyi mwalimu! Niko Perth, Australia, nafanya kazi nyumba ya wazee. Huku mzee mwenye kadi ya punguzo ya mstaafu, au askari wa zamani mwenye kadi ya idara ya maveterani, anaingizwa kwenye mpango wa serikali wa usikivu. Anapimwa, anachagua kifaa kwenye orodha inayolipiwa yote. Akitaka cha kifahari zaidi anaongeza tofauti mwenyewe. Tangu Julai 2021 kibali kimoja kinadumu miaka mitano. Matengenezo na betri analipia kiasi kidogo kwa mwaka, na askari wengi hilo nalo wanalipiwa.

Sikio la Kufa

Hao wana hela, ndugu. Usitutamanishe.

Mgogo Ughaibuni

Walianza mwaka 1947, vita imetoka kuisha. Maabara ya serikali ilifunguliwa kwa ajili ya watoto waliozaliwa viziwi kwa sababu ya rubela na askari waliorudi na masikio mabovu. Sisi vita yetu iliisha 1979. Hata vifaa vya bei ya chini tungekuwa tumeshaanza navyo.

Odio_Dom

Naongeza hapo kwenye betri, kwa sababu ndipo misaada mingi inapofia. Wafadhili wanakuja, wanavisha watu mashine, wanapiga picha, wanaondoka. Ukipita mwaka mmoja baadaye unazikuta kabatini, betri zimeisha, kimpira cha sikioni kimezibwa na nta ya sikio, au hakuna aliyemrudisha mtu kurekebishiwa sauti. Ruzuku ikilipia kifaa peke yake, kwangu bado haijakamilika. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Wastaafu mngebana hapo: kwenye kitita, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima, kiandikwe kifaa, betri na marekebisho.

Bi Mkubwa Makole

Nimewasoma wote, asanteni. Nimemwandikia mzee haya yote kwenye daftari, kasoma, kasema Mgogo wa Perth atumiwe zabibu. Kuhusu jeshi kasita, anasema hataki kuonekana anaomba. Nimemwambia ile ni haki yake, na vyeti vipo kwenye sanduku lake la bati, nitavitoa mimi.

Barua kwa mbunge nitaiandika. Bunge lenyewe ni hapo, nauli ya daladala tu, na mimi barua mbovu nimezisahihisha maisha yangu yote.

Odio, swali la mwisho: tukipata, hizo betri ni zipi, na vumbi hili letu la Agosti?

Odio_Dom

Mashine za nyuma ya sikio nyingi zinatumia namba 13, kibandiko cha rangi ya chungwa. Ukishakibandua hewa inaingia na betri imeanza kazi, usibandue ya akiba. Inakwenda wiki moja hadi mbili kutegemea matumizi. Usiku fungueni mlango wa betri, mashine ilale kwenye kopo lenye mfuniko, na kila asubuhi futa vumbi kwa kitambaa kikavu, sio maji. Na kabla hamjalipa popote, mzee akaguliwe nta kwanza. Nta iliyojaa inachafua kipimo, mkanunua mashine ya nguvu isiyohitajika.

Sikio la Kufa

Mwalimu, ukiandika hiyo barua iweke hapa. Mama yangu yupo Kongwa, naye hasikii. Nitaipeleka kwa mbunge wetu.