Naomba ushauri: filta ya FIR (ya kidijitali, inayochuja sauti kwa kuzidisha sampo na namba ziitwazo koefishenti) inanidai koefishenti nyingi mno
Wakuu habarini, nipo Dodoma huku, nasafisha rekodi za zeze za Wagogo zina mngurumo wa umeme wa 50 Hz. Kukokotoa koefishenti natumia algorithimu ya Parks na McClellan ya 1972, ile inayorudia kuhamisha pointi za Remez (masafa ambako kosa la filta ni kubwa zaidi) mpaka vilele vya kosa vilingane. Sasa sampo ni 8000 kwa sekunde, nataka filta ikate chini ya 60 Hz ipitishe kuanzia 100 Hz, hapo katikati padogo balaa, fomula ya Kaiser (ya kukadiria idadi ya koefishenti) inadai koefishenti zaidi ya 640 ili ikate kwa dB 60, kichipu changu hakibebi, nikipunguza koefishenti, ripo (mawimbi ya kosa la filta) zinapanda. Nishushe sampo (ila ule mkwaruzo wa upinde si utapotea?) au niweke nochi ya IIR (filta yenye mrejesho, inayokata masafa membamba tu) japo fezi yake sio ya mstari, yaani inachelewesha masafa tofauti kwa muda tofauti? Mliowahi kufanya nisaidieni.